Kofia Iliyoitwa Kiota

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wanangu, mwenye baridi ampakate mwenziwe.

Hapo zamani za kale, siku ya gwaride la mfalme, walikuwepo Jemadari Kifaru, Ngiri mpiga ngoma, askari mia moja, Nyegere akiwa wa mwisho mstarini, na Mama Kwale, ambaye hakualikwa.

Jeshi lilikuwa limekaa mpakani miezi miwili. Mama Kwale alipoona nyasi zimeota uwanjani, alidhani pamehamwa, akataga mayai matatu katikati. Sasa ngoma inalia, miguu inakuja, naye hana mikono ya kubebea.

Akamwomba askari wa kwanza amsogezee mayai, askari akatazama mbele. Akamwomba wa pili, akatazama mbele. Akamwomba wa tatu, akatazama mbele. Ndiyo ilikuwa amri: macho mbele, kofia kichwani, na anayeivua hufukuzwa.

Nyegere aliijua amri hiyo. Alijua pia jinsi mama yake alivyojisifu kijiji kizima kwamba mwanawe ni askari. Lakini alipomwona Mama Kwale ametandaza mbawa juu ya mayai, yuko tayari kukanyagwa nayo, moyo ulimkatalia. Akavua kofia, akayapanga mayai ndani, akaiweka juu ya kichuguu. Mama Kwale akapanda, akayaatamia.

Jemadari akaja akikagua. Haoni mbali, ila kichwa kitupu alikiona.

"Kofia iko wapi?"

"Ina wenyewe, Jemadari," akajibu Nyegere.

"Wenyewe gani?"

"Wako watatu. Hawajazaliwa."

Askari wakabana vicheko. Kifaru akaenda kichuguuni, akainamisha uso mpaka pembe ikagusa kofia.

"Baba," Mama Kwale akamwambia kwa upole, "usipumue kwa nguvu, utanipeperushia wanangu."

Kifaru akabana pumzi. Akarudi kwa hatua za taratibu, akamwagiza Ngiri apige ngoma kwa ncha za vidole.

"Kofia ya askari kazi yake ni kulinda," akasema. "Ile inalinda kuliko zenu zote. Nyegere, baki mstarini."

Jeshi zima likanyata, likanyata, likanyata, likakizunguka kichuguu.

Tangu siku ile askari wakawa wanamtania Nyegere, "Vaa kiota chako." Utani ukaenea, na katika nchi ile kila kofia ya askari ikaitwa kiota.

Nyegere alipewa kofia nyingine. Ile ya kwanza, Mama Kwale alitaga ndani yake tena mwaka uliofuata.

Hadithi yangu imetua hapo.