Mtaro wa Mheshimiwa

Mama Nasemba, mwandishi wa ubao wa habari za mtaa, alikuwa ameteleza mtaroni, jembe mkononi, tope hadi kiunoni, diwani Kihiyo alipotokea.

"Mama, andika kwamba mtaro huu nimeuzibua mimi."

"Mheshimiwa, mbona bado umeziba? Vuli ikianza, maji yote ni chumbani kwangu."

"Andika hivyo hivyo, au ubao wako naung'oa."

Mama Nasemba akaandika.

Asubuhi diwani alimjia mbio. "Umeandika nini? Kata nzima inakuja saa nne kuutazama mtaro!"

"Nimeandika ulivyosema, baba. Nikaongeza, 'Karibuni saa nne mjionee.'"

"Futa!"

"Wameshasoma. Na sasa hivi ni saa mbili."

Diwani akavua koti taratibu.

"Jembe liko wapi?"

"Limebaki mtaroni. Ingia."