Nakundwa Haguswi

Hamjambo mlioketi, na mliosimama mlangoni hamjambo pia. Wenye watoto wachanga wanyonyesheni. Wenye kikohozi kohoeni sasa mmalize. Nataka kimya. Nikiita Jamvi, nyie semeni Limetandikwa.

Jamvi!

Limetandikwa!

Basi alikuwapo mwanamke mmoja kule milimani kwa wafinyanzi, jina lake Nakiete. Alizaa, akazika. Alizaa, akazika. Alizaa tena, mtoto akaishi, wa kike, akamwita Nakundwa, maana yake aliyependwa. Na kweli alipendwa. Alipendwa mpaka ikawa tabu.

Nakundwa alikuwa haambiliki. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia njoo, anakwenda. Ukimwambia kula, anamwaga. Mama yake anacheka tu, anaokota, anasema akikua ataacha. Mnanisikia? Anaokota yeye.

Kijijini kwao mtoto alikuwa wa kila mkubwa. Anayekuona unakosea ndiye anayekukanya, na ukifika nyumbani unaongezewa. Hasa kwenye shimo la udongo. Wanawake walikuwa wamelichimba kwa chini, ukuta ukabaki umeinama kwa juu. Mvua ikinyesha hakuna kushuka mpaka ukuta ukauke, na mkubwa yeyote akimwona mtoto anaelekea huko, humwita arudi.

Siku moja Nakundwa akaingia kwenye vyungu vibichi vya bibi Nambua, akavikanyaga kimoja kimoja. Bibi akamfinya sikio. Nakiete akaenda na mwiko mkononi, akamtukana yule bibi mpaka watu wakatoka nje.

Siku nyingine Nakundwa akawafungulia mbuzi shamba la maharage la Kiondo. Kiondo akamchapa kijiti cha miguu. Nakiete akaenda kumwuliza, mwanamume asiye na mtoto anajua nini kulea. Kiondo akaingia ndani.

Siku nyingine tena akatema mate kwenye mtungi wa Namangi, jirani yao wa ua mmoja. Namangi hakumgusa, alimwambia tu ana tabia mbaya. Hata hilo Nakiete hakulivumilia. Akangoja siku ya kuchoma vyungu, watu wote wapo, akasimama mbele yao.

"Nakundwa ana mama mmoja," akasema. "Kuanzia leo asikanywe na mtu. Mkimwona, mwacheni apite."

Bibi Nambua akamwuliza, "Hata akifanya nini, mama Nakundwa?"

"Hata akifanya chochote. Mimi nipo."

"Haya."

Mtu akikuambia haya kwa sauti ndogo namna ile, ndugu zangu, ogopa.

Wakamwacha kweli. Akipita wanatabasamu. Akiwatukana wanaitikia marahaba. Nakiete akafurahi, akaona majirani sasa wamepata adabu.

Ikaja masika. Mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi ikapumzika. Nakiete akamwambia mwanawe leo asikaribie shimoni. Akageuka kukoroga uji. Kugeuka tena, mtoto hayupo.

Akakimbia kwa bibi Nambua. Bibi akasema mtoto amempita na kijembe mkononi. Akakimbia kwa Kiondo. Kiondo akasema amemwona akikata kona ya kwenda shimoni. Akamkuta Namangi njiani, amesimama tu, ndoo imemwangukia miguuni.

"Umemwona mwanangu?"

"Nimemwona anashuka."

"Anashuka, na wewe unamtazama?"

"Nilifungua mdomo, dada," Namangi akasema. "Nikakukumbuka, nikaufunga."

Walipofika, na majirani nyuma yao, ukuta ulikuwa umeshalala. Wakachimba wote, kwa majembe, kwa vigae, kwa kucha. Kiondo ndiye aliyempata. Akavua shuka lake akamfunika, maana alishakwisha.

Sasa kwao mfiwa haachwi alie mwenyewe. Wanawake humshika. Huyu anamwambia nyamaza, yule anamwambia jikaze, ndivyo kilio kinavyopata mwisho. Kwa Nakiete walikuja wote. Walimtekea maji, walimpikia, walimtandikia. Lakini nani amwambie nyamaza? Nani kati yao amkanye mwanamke yule? Walikaa wakamzunguka, midomo imefungwa. Naye akalia huku akiwatazama mmoja mmoja, anangoja. Sauti ikakatika. Ikarudi. Akaendelea.

Mimi nimetua mzigo, uchukueni nyie. Nainuka, na nje msinisindikize. Nitarudi mkiniita.