Bi Ngiri Atafuta wa Kumwita

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Na nyinyi wazee mmenyamaza kana kwamba hadithi ni ya watoto peke yao. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na kusikilizana, aliishi Bi Ngiri. Aliishi peke yake. Mumewe alichukuliwa na Chui. Watoto wake wanne walikua, wakaenda kuchimba mashimo yao mbali. Kila jioni Bi Ngiri aliingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo, uso ukitazama nje. Akatazama njia. Hakuna aliyepita. Akalala.

Asubuhi akaamka. Akala majani. Jioni akaingia kinyumenyume. Akalala. Siku zikaenda hivyo, miaka ikaenda hivyo, na hakuna aliyemsemesha.

Sasa ngiri mnamjua. Ngiri ni msahaulifu. Akifukuzwa na simba atakimbia, lakini katikati ya mbio atasimama, atapiga magoti, ataanza kula. Amemsahau simba. Msimcheke, humu ndani yuko aliyeacha chungu motoni.

Siku moja mbwa mwitu walimfukuza Bi Ngiri. Mkia juu, tu-tu-tu-tu. Mbwa wakachoka, wakarudi. Bi Ngiri akawasahau mbwa, lakini miguu haikusimama. Ilikwenda tu, tu-tu-tu-tu, mpaka jua likawa la utosi. Aliposimama akashangaa. Tangu asubuhi hakuwa ameuhisi upweke. Upweke ulikuwa umeshindwa mbio, umebaki nyuma huko.

Kesho yake akakimbia tena, bila mbwa. Kesho kutwa akakimbia tena. Tumbili akamwona kutoka mtini.

"Shikamoo, Bi Ngiri. Unakimbizwa na nani?"

"Marahaba. Sikimbizwi."

"Unamkimbiza nani, basi?"

"Simkimbizi mtu."

"Rudi nyumbani, mama. Umri huu ni wa kuota jua."

Bi Ngiri akakimbia zake. Arudi nyumbani kuna nini?

Basi nchi ile ilikuwa na Mbio za Mlima. Kila mwaka mvua zikikatika, wanyama waliuzunguka mlima tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Mwisho wa njia palikuwa na jiwe jeupe, na jiwe lilikuwa na desturi yake. Mkimbiaji akifika, mtu wake husimama hapo akamwita jina mara tatu, ndipo avuke. Asiyeitwa hajafika, hata kama amewatangulia wote. Msimamizi alikuwa Korongo, mguu mmoja chini, mmoja juu.

Bi Ngiri akaenda kuomba kukimbia.

"Nani atakuita?" Korongo akauliza.

"Binti yangu."

Alikuwa amempelekea ujumbe kwa Kunguru, na Kunguru alirudi na jibu: nitajitahidi, mama. Bi Ngiri akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kushinda hakukutaka. Alitaka siku moja afike mahali, na mtu amwite.

Mbio zikaanza. Swala mbele, vuu! Pundamilia nyuma yake, ka-ka-ka-ka. Bi Ngiri mwisho kabisa, tu-tu-tu-tu, akiimba:

Nakimbia niitwe,
nakimbia niitwe.

Mwitikieni, jamani, njia ni ndefu na yuko peke yake. Nakimbia niitwe, nakimbia niitwe.

Upande wa pili wa mlima akakuta majani mabichi. Akapiga magoti, ale kidogo tu. Ah, mnajua kilichofuata. Akala, akala, wimbo ukamtoka, mbio zikamtoka, kivuli kikarefuka.

Nyuma akaja Pofu mmoja mseja, mnyama mkubwa wa pembe zilizosokotwa, jina lake Shigela, anachechemea.

"Bi Ngiri, mbona unakula? Si tunakimbia?"

Bi Ngiri akaruka. Aibu ikamchoma masikio. Wakafuatana, huyu akichechemea, huyu akihema, mpaka jiweni.

Watu walikuwa wanatawanyika. Dada yake Shigela akamwita kaka yake mara tatu, Shigela akavuka. Bi Ngiri akasimama mbele ya jiwe. Akatazama huku, akatazama huko. Binti hayupo.

"Nani mwenye huyu?" Korongo akauliza.

Kimya.

"Nani mwenye huyu?"

Kimya.

Shigela akageuka. "Nitamwita mimi. Jina lako nani, Bi Ngiri?"

Bi Ngiri akalitafuta jina. Jina lake alikuwa amelisahau. Tangu mumewe afe hakuna aliyelitamka.

"Ningojeni," akasema. "Linakuja."

Halikuja. Jua likazama. Korongo akashusha mguu wake wa juu akasema, "Hajafika." Wengine walicheka. Mimi ningekuwepo nisingecheka.

Alfajiri Bi Ngiri akashika njia kwenda kwa binti yake, mwendo wa siku mbili. Akamkuta amejilaza, ananyonyesha.

"Nisamehe, mama. Hawa hawaachiki."

"Sikulaumu. Niambie, mimi naitwa nani?"

Binti akafikiri. "Sisi tulikuita mama. Baba ndiye alikuwa akikuita Nyamizi." Kisha akawageukia watoto wake.

Nyamizi. Bi Ngiri alitamani kukaa na wajukuu, lakini alijijua. Akikaa atakula, akila atasahau. Akaaga, akageuka, akakimbia. Nyamizi, tu-tu-tu-tu, Nyamizi. Jua likamchoma. Kwato zikapasuka. Majani mabichi yakamwita kulia, yakamwita kushoto, asipige magoti. Nyamizi, tu-tu-tu-tu. Mbio hizo hakuna aliyezitazama, wala hakuna aliyezisimamia.

Akafika kwa Shigela ulimi nje.

"Naitwa Nyamizi."

"Nyamizi," akasema Shigela. "Karibu, Nyamizi. Keti upumzike, Nyamizi."

Mara tatu, hesabuni wenyewe. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na Korongo. Bi Ngiri akapiga magoti, na siku hiyo hakula. Alilia.

Mwaka uliofuata mguu wa Shigela ulikataa mbio, naye akashinda jiweni kutwa nzima ili amwite Nyamizi. Lakini Nyamizi, kabla mbio hazijaanza, aliwapitia wakimbiaji mmoja mmoja. "Una wa kukuita? Huna? Jina lako nani?" Akawapata watatu: Nungunungu, Fisi mmoja mkongwe, na Kanga aliyefiwa. Akayafanya majina yao wimbo, akayaimba kuuzunguka mlima wote. Yule yule msahaulifu, na majani yale yale mabichi, akayapita. Alipoitwa akavuka, kisha akageuka papo hapo kuitazama njia, akasubiri.

"Kabula," akaita, vumbi la kwanza lilipotimka. "Kabula. Kabula."

Nungunungu akafika.

Wanangu, na nyinyi wazee, hadithi inasema hivi: umri haumzuii mtu kuanza safari, na aliyeonja kukosa wa kumwita asimwache mwenzake mlangoni bila kuitwa. Kuna jirani yenu mnayemwita mama fulani tu. Kesho muulizeni jina lake.

Hadithi yangu imefika jiweni, imeishia hapo.