Bi Nungu na Alama Sita za Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakaaawa!

Haya, sasa naona mko hai. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana kama watu, palikuwa na mashindano ya kutafuta njia. Kila mshindani hupewa ramani iliyochorwa kwenye jani la mgomba. Anaingia porini peke yake. Anatafuta alama sita, na penye kila alama anaokota punje moja. Akirudi na punje sita, kaweza.

Miaka yote mashindano yalikuwa Mlimani, kwa ngiri. Wanyama wa Bondeni wakiomba kuyaandaa, ngiri wanacheka. "Nyinyi? Mtatupoteza!" Mwaka huo wakakubali, wamenuna. "Tunakuja. Ila akipotea mmoja wetu mpaka jua lizame, hamtaandaa tena milele."

Kazi akapewa Bi Nungu, nungunungu mwenye miiba mirefu kuliko wote. Na alivyoringa nayo! Akatembea bonde zima, kwata, kwata, kwata, akichora ramani. Kutundika alama, yaani maua mekundu, akamwachia Mbega. Mbega mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa kusema "tayari".

Siku ikafika. Asubuhi Bi Nungu akasema, "Ngoja nipite mwenyewe." Akafika kwenye kichuguu, alama ya kwanza. Akatafuta. Hamna. Akaenda kwenye jiwe, alama ya pili. Hamna!

"Mbega wee! Alama ziko wapi?"

"Si hizo, Bi Nungu! Tazama juu, zinawaka!"

Lo! Mbega kazitundika vileleni, mahali anapopita yeye.

"Wageni wetu ni nani?"

"Ngiri."

"Ngiri hutazama wapi?"

"Chini."

"Kaziteremshe basi!"

Mbega akaparamia, akavuta. Pukutu! Maua yakapukutika yote. Na ngoma ya wageni hiyo, du! du! du! Inakaribia.

Bi Nungu akasimama. Akajitazama mgongo. Roho ikamuuma, jamani, nisiwafiche. Kisha akajikung'uta, kacha! kacha! kacha! Miiba ikadondoka. Akakimbia kituo hadi kituo, akichomeka miiba miwili miwili, usawa wa pua ya ngiri. Alipomaliza, mgongo ulikuwa kama shamba lililovunwa. Akajificha kichakani. "Wapokee wewe, Mbega, uwaambie alama ni miiba. Mimi siwezi kuonekana hivi."

Ngiri kumi na wawili wakaingia porini. Wakaanza kurudi. Wawili. Watano. Tisa. Kumi na mmoja. Wakangoja. Jua likashuka.

"Anakosekana Bibi Chonge," akasema mkubwa wao. "Mzee wetu. Tuliwaambia!"

Swala, mmoja wa wenyeji, kainamisha kichwa. Mbega analia waziwazi. Kichakani, Bi Nungu anachungulia njia.

Mara, pu! pu! pu! Nani huyo? Bibi Chonge, mkia juu, na jua bado halijazama!

"Bibi, ulipotea?"

"Apotee nani? Nilikuwa nachimba mizizi. Mizizi ya huku mitamu!" Akafungua kwato: punje sita. "Miaka yote Mlimani nafuata nyayo za wenzangu tu, macho yangu hayaoni mbali. Leo nimeziona zote sita, peke yangu. Nani aliyepanga haya?"

Bi Nungu akatoka. Mgongo wazi, mbele ya wote. Mbega akapaza sauti, "Ni yeye! Mimi nilikosea, yeye akatoa miiba yake!"

Ngiri wote kumi na wawili wakapiga magoti, kama wafanyavyo ngiri wakila majani. Siku hiyo hawakuwa wakila.

"Mwakani tunarudi hapa hapa," akasema mkubwa wao.

Bi Nungu akatembea katikati yao, kwata, kwata, kichwa juu. Nawaambieni, alipokuwa na miiba yote hakuringa vile!

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ukimtengenezea mgeni njia, ipite wewe kwanza, tena kwa macho yake, si kwa macho yako.

Hadithi yangu imeishia hapa, na koo limenikauka. Nipeni maji.