Nadhiri ya Mwaridi wa Ghorofani

Sogeeni karibu, na wenye kutafuna karanga mzimalize kwanza. Hadithi hii haitaki kelele. Mimi imeninyima raha siku nyingi, na leo nakuja kuwatwika nyinyi.

Katika mji mmoja wa pwani, mji ambao visima vyake vina chumvi hata sukari haiwezi kuificha kwenye chai, palikuwa na wanawake watatu wanaokaa ghorofa moja. Wa kwanza ni Bi Kibibi, mtu mzima. Magoti yamemchoka, lakini pua, subhanallah! Maziwa yatakayoharibika kesho yeye anayajua leo. Wa pili ni bintiye, Zuhra, na kipaji chake ni ulimi. Ulimi wa Zuhra haujui uongo wala haujui kunyamaza. Akikosea hujitangaza mwenyewe kabla hajashtakiwa. Wa tatu ni jirani yao Tabu, mwenye mikono. Kifaranga kilichozirai, cherehani iliyokwama, mche uliosinyaa, Tabu akivishika vinarudi.

Wote watatu walimpenda Mwanakheri. Kwa Bi Kibibi alikuwa mke wa mwanawe Mbarouk, kwa Zuhra alikuwa wifi, na kwa Tabu alikuwa shoga wa kufa na kuzikana. Mwanakheri alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama yake mzazi, Batuli, alikuwa amefariki mwaka uleule, na jina la mtoto lilikuwa limeshapangwa: akiwa wa kike, ataitwa Batuli. Nani wa kubisha?

Mama huyo aliacha mwaridi mmoja. Nyumba yake ilivunjwa kupisha barabara, na Mwanakheri aliwahi kukata kijiti kimoja tu, akakiotesha juu ya paa la ghorofa kwa ule ukulima wa bila udongo. Ndoo mbili, moja ndani ya nyingine. Ya juu ina kokoto tupu, na humo mwaridi umesimama. Ya chini ndiyo ghala, ina maji yaliyochanganywa na mbolea. Utambi wa pamba unayanyonya maji hayo na kuyapandisha kwenye mizizi kidogo kidogo, kama wa kibatari. Pembeni kuna mrija wenye boya. Boya likishuka, ujue ghala linapungua.

Mwanakheri alikuwa na sheria zake. Ghala lisijazwe mpaka juu, mizizi ipate pumzi. Boya likishuka yaongezwe maji matupu, kwa sababu mwaridi hunywa maji mengi kuliko unavyokula mbolea. Mbolea mpya kila baada ya wiki mbili, ndoo ikishasuguliwa.

Basi daktari akamwambia Mwanakheri alale, asinyanyuke mpaka ajifungue. Zuhra akasema, "Wifi, mwaridi niachie mimi." Akaachiwa.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Zuhra alishuka ngazi mbio huku analia.

"Wifi, majani yanajikunja! Mengine yameanguka!"

"Boya likoje?"

"Liko juu kabisa! Ghala limejaa pomoni! Sasa hiyo kiu inatoka wapi?"

Mwanakheri akataka kuinuka. Maumivu yakamkata kiunoni, akarudi chini. Bi Kibibi akamshika mabega. "Tulia, mwanangu. Utatuletea msiba mwingine." Mwanakheri akatulia, lakini moyo haukutulia. Alikuwa amelala chumba cha juu kabisa, paa liko hapo hapo juu ya kichwa chake, na hawezi kulifikia. Akasema kwa sauti, Mbarouk amesimama mlangoni, mama mkwe yupo, wifi yupo, na Tabu naye ndiyo kwanza anaingia:

"Namwekea Mungu nadhiri. Atakayeniokolea mwaridi wa mama, mtoto huyu nitampa jina lake."

Bi Kibibi akauliza taratibu, "Na jina la marehemu?"

"Jina lake ninalo moyoni, Mama. Ule mwaridi ukifa, sina tena kitu alichokishika kwa mkono wake."

Haya. Sikilizeni sasa, tena kwa makini.

Bi Kibibi alipanda ngazi za paa kwa magoti yale, ngazi moja pumzi mbili. Mwanakheri alimsikia kila hatua. Alipofika hakuyatazama majani, aliinama kwenye mrija akanusa. "Yallah! Huku chini kumeoza!" akapiga kelele. "Si wadudu hawa, wala si jua. Ghala limeoza!" Mpaka hapo watu walikuwa wanalitazama boya na kujipa moyo kwamba maji yapo. Bila pua ile wangelitazama mpaka ubaki mti mkavu.

Tabu naye alikuwa ameshapanda na kopo la mbolea mpya mkononi. Kwake mantiki ilikuwa nyepesi: ghala limeoza, limwagwe, litiwe chakula kipya chenye nguvu. Alishainua kopo. Hapo Zuhra, aliyewafuata juu, akamdaka mkono. "Usitie! Makosa yangu! Nimekuwa nikitia mbolea kila siku asubuhi, na jioni nikiuona mnyonge naongeza. Tena najaza mpaka juu. Niliuonea huruma!" Mama yake akamwangalia kwa jicho ambalo sitaki niangaliwe nalo. Lakini Tabu aliparuza kokoto kwa ukucha akauona ukoko mweupe wa chumvi, akaelewa: mbolea iliyozidi imegeuka chumvi, mizizi haiwezi kunywa. Mwaridi ulikuwa umesimama majini unakufa kwa kiu. Kopo moja zaidi, na ungekuwa umekwisha. Bila ulimi ule, kopo lilikuwa linamwagwa.

Ikabaki kuuosha, na kuuosha kwataka maji matamu. Bomba la mji lilikuwa limekauka, ile ni siku ya sita. Maji ya kisima ni chumvi juu ya chumvi. Tabu alikuwa na madumu mawili ya maji ya mvua, akiyatunzia ndoo zake sita za spinachi, paa lile lile. Akayafungua yote mawili. Akaung'oa mwaridi, akakata mizizi iliyooza, akaosha kokoto mara tatu, akasugua ndoo, akatia utambi mpya, akajaza ghala nusu tu, maji matupu. Mwanakheri kule chini alisikia maji yakimwagika, akawa anahesabu. Spinachi za Tabu hazikubakiwa na tone. Bila mikono ile, na maji yale, pua na ulimi vingebaki maneno.

Siku tatu hakuna aliyejua kama mwaridi utapona. Kila Zuhra akishuka, Mwanakheri anamtazama usoni kabla hajasema. Siku ya nne uchungu ukamshika, na katikati ya uchungu Zuhra akaingia kama kichaa: "Limetoka chipukizi, wifi! Jekundu!" Kabla ya adhuhuri mtoto akalia. Wa kike.

Mnadhani yameisha? Bado. Siku zile saba za kungojea jina zilikuwa ngumu kuliko zile tatu za mwaridi.

Bi Kibibi alimwambia mkwewe akimpakata mtoto, "Mimi ni mama yako wa pili, sitakugombeza. Lakini ni mimi niliyejua pameoza. Nimebakiwa na siku ngapi za kumpata wa kuitwa kwa jina langu?"

Zuhra alimwambia huku machozi yanamtoka, "Watu wananicheka ngazini, ati muuaji anataka zawadi. Sawa, nilikosea. Ningenyamaza wala wasingejua. Ukininyima kwa sababu nimesema, mimi kesho nitasema tena kwa faida gani?"

Tabu hakuja kudai. Alileta uji, akaketi. Kisha akasema, "Shoga, mimi sina mtoto, unajua. Spinachi zilizokauka nitapanda nyingine. Nimesema tu kwamba mtoto sina." Akaondoka uji haujapoa.

Na msiniambie mtoto apewe majina matatu. Nadhiri ilitaja mtu mmoja. Wala msiniambie arudishiwe la bibi yake, nadhiri imeshawekwa mbele ya mashahidi na mwaridi uko hai.

Siku ya saba ikafika. Shehe ameketi, mbuzi wa akika amechinjwa, udi unafuka. Wanawake watatu wako kwenye mkeka mmoja, hakuna anayemtazama mwenziwe. Mbarouk akainama kwa mkewe. "Sema, nikawaambie."

Mwanakheri akamwangalia aliyenusa, akamwangalia aliyekiri, akamwangalia aliyeosha. Alijua jina lolote atakalolitaja, atawavunja moyo wawili waliompa alichokiomba, na mtoto atalibeba mpaka kaburini.

Akafumbua mdomo.

Je, wewe ungemwita mtoto huyu nani?