Fahali wa Chuma na Kihenge cha Tusekile

Enyi mlioketi!
— Tumeketi!
Mmeshiba?
— Tumeshiba!
Waongo nyie, nasikia tumbo la mtu linanguruma hapo nyuma. Haya, uongo wenu kaeni nao, wangu upokeeni.
— Tumeupokea, utie chumvi!

Hapo kale, nyani alipokuwa bado anavaa kofia na kuamkiwa shikamoo, palikuwa na mji mteremkoni. Watu wake walilima mahindi, wakala mahindi, wakaozeshana kwa mahindi. Na walikuwa na mwiko mmoja: shamba la baba, kihenge cha mama. Mwanamume hachungulii kihenge. Mke ndiye hupanda ngazi, ndiye hupima, ndiye huficha mbegu chini kabisa. Akiba haiozi.

Alikuwepo mwanamke, Tusekile. Mumewe Angolwisye. Binti yao Atupele, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka.

Siku moja akaja Nyani, amepanda fahali wa chuma. Ndu-ndu-ndu-ndu! Kuku wakarukia mapaani.

"Hodi, wenyeji!"

"Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Walipona? Ngojeni.

"Fahali huyu analima, anabeba, hachoki," akasema Nyani. "Nyasi hali. Anakunywa maji makali ya mahindi tu. Chemsheni, kingeni mvuke, mnywesheni. Mahindi si yanaota kila mwaka? Basi kinywaji chake hakiishi!"

Mnacheka nini? Maji hayo mnayajua. Wengine wenu mnayajua sana.

Wanaume wakapiga makofi. Wakapika mahindi ya ziada. Fahali akanywa, akalima, akaguruma: "Nitie, nitie, nimekauka!"

Wakasema, tuongeze shamba. Wakafyeka msitu wa mlimani, miti wakaifanya kuni za kupikia. Fahali akanywa, akalima, akaguruma: "Nitie, nitie, nimekauka!"

Wakachota mto kujaza mapipa, machicha wakayamwaga mtoni. Samaki wakaelea, matumbo juu. Mto ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, hata ukawa mwendo wa asubuhi nzima. Fahali je?
— Nitie, nitie, nimekauka!
Mmemjua.

Mji ukakosa utulivu. Watu wanakula wamesimama. Wanalala sikio moja likisikiliza mngurumo. Zamani mwenye kuku alipewa kikapu cha mahindi, sasa mwenye mbuzi anapewa bakuli, tena anaambiwa ashukuru. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Mahindi ya mashambani yakaisha. Ndipo Angolwisye akaja nyuma ya nyumba, ngazi begani, Nyani nyuma yake, na mji mzima nyuma ya Nyani.

"Mama Atupele, sogea."

"Unakwenda wapi na ngazi, Baba Atupele?"

"Kihengeni. Fahali amekauka."

"Na mwanao akikauka? Humo mna mbegu na unga wa mtoto. Hamna kingine."

"Kikapu kimoja tu, shemeji," akasema Nyani, akivua kofia. "Kikapu kimoja kinatoa vibuyu kumi!"

Tusekile alitaka kumrukia, ampasue uso. Akameza hasira. Akapanda mwenyewe, akashuka na kikapu kimoja, akakiweka chini mbele ya watu.

"Hiki hapa. Vibuyu kumi, umesema?"

"Kumi kamili!"

"Basi kabla sijakitoa, leteni vibuyu kumi mlivyopika jana. Fahali anywe hivyo tu. Alime shamba la kuzaa kikapu kama hiki. Alete maji ya kukipikia. Alete kuni. Kitakachobaki vibuyuni, hicho ndicho fahali anachotupatia. Au unaogopa, Bwana Nyani?"

Nyani aogope mbele ya watu? Akacheka. Lakini mkia wake ulitikisika.

Fahali akalima. Udongo umechoka, jembe linagonga mawe. Vibuyu vitatu vikaisha.

Fahali akaenda mtoni. Mto uko mbali. Vibuyu vitatu vikaisha.

Fahali akaenda msituni. Msitu upi? Akavuka mlima, akavuka na wa pili, ndipo akapata kuni. Vibuyu vitatu vikaisha.

Hesabuni wenyewe. Vimebaki vingapi?
— Kimoja!

Tusekile akakiinua. "Msitu umekwenda. Mto umekwenda. Kikapu kizima cha chakula kiende, tupate hiki kimoja. Mume wangu, nimpe mtoto anywe?"

Angolwisye akafungua mdomo. Kabla hajajibu, mkono wenye manyoya ukapita, ukanyakua kibuyu.

"Hiki ni changu," akasema Nyani. "Ujira wa fundi. Siku zote nakichukua, hamkuwahi kuuliza."

Akakinywa chote, akajipangusa mdomo, akatupa kofia, akakimbia. Tangu siku hiyo ukimwona shambani, usimwamkie. Mtupie jiwe.

Fahali akanguruma mara moja, akanyamaza. Kimya kile kiliwatisha kuliko kelele. Wakasikia watoto wao wanalia, na kumbe walikuwa wanalia siku zote.

"Nisamehe, Mama Atupele."

"Nimekusikia. Lakini nina hasira nawe, na haitaisha leo."

Tusekile akapanda kihengeni. Akagawa mbegu, konzi mbili kila nyumba, hata kwa waliompigia Nyani makofi. Unga wa Atupele akautia katika chungu kimoja, wakala watoto wote, kijiko kijiko. Ukaisha siku ileile.

Asubuhi wakapanda mbegu mteremko mzima. Wakasimama mashambani, wakatazama mlima mtupu, ambako zamani mawingu yalikuwa yakikaa juu ya miti. Wakangoja mvua.

Mvua ikachelewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Tamu bebeni, chungu nirudishieni!
— Tunabeba zote!
Haya, bebeni. Na kesho mpande mti.