Sungura na Maghala Matatu ya Taarifa za Maji

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Mito ikawa mchanga mtupu, na wanyama wakaishi kwa taarifa za Korongo, aliyezunguka angani kutwa nzima akitafuta visima vyenye maji. Taarifa hizo zilihifadhiwa katika kompyuta za maghala matatu, la Mchwa, la Nyuki na la Fisi, ili moja likiharibika yabaki mengine. Mchwa alizitaka zikiwa zimepangwa kwa safu. Nyuki alizitaka katika vyumba vyumba. Fisi hakuchagua, chochote alichorushiwa alimeza.

"Naandika jambo moja mara tatu, kwa namna tatu," Korongo alimlalamikia Simba. "Nimechoka, Mfalme."

Sungura akajitokeza. "Nitaandika maktaba moja ya programu. Korongo ataagiza mara moja tu, 'Hifadhi', nayo itazungumza na kila ghala kwa lugha yake. Mimi naomba tu niwe wa kwanza kunywa kisimani."

Simba hakuelewa hata neno moja, lakini angekirije hilo mbele za watu? Akatikisa manyoya. "Ndivyo nilivyokuwa nikifikiria mwenyewe," akasema.

Lugha ya Mchwa ilimshinda Sungura kabla jua halijapanda. Ya Nyuki hakuijaribu. Akaandika sehemu ya Fisi pekee, kisha akaiamuru programu ijibu "Tayari, maghala yote matatu" hata iweje. Simba akamvika shada la majani makavu, maana mabichi hayakuwapo.

Haikuchukua muda Fisi akagundua kwamba kila swali la maji linamjia yeye tu. Akafunga ghala. "Anayetaka kujua kisima, alete nyama!"

"Mwanangu hawezi tena kusimama," Swala akalia.

"Basi nyama unayo," Fisi akajibu.

Simba aliposikia akacheka. "Tuna maghala mengine mawili!" Akatuma wajumbe.

"Tangu Sungura aanze kazi hatujapokea kitu," Mchwa akasema.

"Tulidhani mvua imenyesha," Nyuki akaongeza.

Korongo hakungoja hukumu ya Simba. Aliruka chini chini mbele ya Swala, akamwongoza hadi kisima alichokiona asubuhi ile, na mtoto akanywa.

Sungura alikuwa ameshatoroka. Kiu ilipombana akaenda kwa Fisi. "Rafiki yangu, mimi ndiye niliyekupa yote haya. Nionyeshe kisima kimoja tu."

"Nyama umeleta?"

"Sina nyama, ndugu yangu."

Fisi akamtazama mapaja. "Usijidharau."

Sungura akatimua mbio, akaangukia miguuni pa Simba. Akaketishwa juani kuandika lugha ya Mchwa na ya Nyuki, na akawa anakunywa wa mwisho, Ngiri akisha kuoga. Korongo alipeleka taarifa mpya, akazikagua mwenyewe ghala kwa ghala. Fisi akabaki na orodha ya visima vilivyokwisha kukauka, akihangaika kutoka shimo hadi shimo ulimi nje.

Simba akatangaza kwamba yeye alishuku tangu mwanzo. Hakuna aliyebisha, wote walikuwa wameinamisha vichwa kisimani, wakinywa.